Kidonge cha Asubuhi na Kuku wa Bukwe

Ninyi vijana mtakaoshika karatasi hii, wajukuu zangu na wasio wajukuu zangu, msinitafutie makosa ya kuandika. Shule yangu ilikuwa ya masista. Nilijua kusoma, kuhesabu na kushona, halafu nikaolewa. Yaliyobaki nilifundishwa na maisha, na maisha hayana likizo. Ninaandika kwa sababu majuzi nilimwona mmoja wenu akitema kidonge nyuma ya choo, kisha akakifukia kwa kidole cha mguu kama paka. Hakujua kwamba niko dirishani. Sikumfokea. Niliketi kitandani nikalia, na mimi si mtu wa kulia ovyo, mnanijua. Leo ndiyo ninamjibu, na ninyi wengine msikie.

Nakumbuka asubuhi moja ya wakati wa Zaire, nikiwa bado msichana mwenye mtoto mmoja mgongoni, nimeketi kwenye benchi la kituo cha wagonjwa wa kifua pamoja na mume wangu Banze. Wakati ule majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, na kila mtu aliitwa sitwayeni, maana yake mwananchi. Basi muuguzi akaita: "Sitwayeni Banze!" Banze akasimama, akakohoa, akaketi tena. Muuguzi akatufuata yeye mwenyewe kwenye benchi. Alikuwa mtu aliyechoka, macho mekundu, lakini maneno yake yalikuwa wazi.

"Sikia muzuri," akasema. "Sindano utakuya kupigwa hapa. Vidonge utameza kwako, kila asubuhi, na usimeze na tumbo tupu. Unakula kwanza, hata kidogo. Kisha unameza. Ukiacha katikati, ugonjwa itarudia na nguvu, na hii dawa haitaweza kuikamata tena. Umesikia?"

"Nimesikia. Na kama dawa ndiyo inanikula miye?"

"Basi unakuya kutuambia. Usiamue weye peke yako."

Mwanangu, maneno yote yaliyohitajika yalisemwa pale kwenye benchi: kula kwanza, meza kila siku, ukiumwa njoo useme. Mtu anaweza kupewa maji na bado akafa kwa kiu, kama ana aibu ya kuinama anywe.

Nikueleze Banze alikuwa mtu gani. Kazi yake ilikuwa kupakia shaba kwenye vagoni za treni. Hakuwa mtu wa kampuni kubwa yenyewe. Alikuwa wa bwana mdogo aliyechukua kazi kwa wakubwa. Kwa hiyo hakuwa na nyumba ya kambi, wala hospitali ya kambi, wala posho ya unga. Alikuwa na mabega yake na kinywa chake. Kinywa chake kilikuwa cha mzaha mpaka kwenye ugonjwa. Tulikuwa tumepanga Naviundu, upande wa mto. Kutoka Naviundu mpaka kituo ni mwendo wa mtu mwenye mapafu mawili. "Miye nabakia na moja na nusu," Banze alikuwa akisema, "na ile nusu inakataa kazi wakati wa mvua." Wakati wa mvua alikuwa akipumzika njiani mara nyingi, anafika wakati muuguzi anafunga mlango.

Mama yangu aliposikia, akaja Naviundu kwa miguu, akafunga vyungu vyangu kwenye kikwembe, kitenge chake cha kujifunga, bila kuniuliza. Yeye alikuwa na lupango, yaani kiwanja na nyumba yake, mtaa wa Kamalondo, aliyoachiwa na baba yangu aliyefanya kazi ya reli. Nyuma ya nyumba palikuwa na kichumba. Kutoka pale mpaka kituo cha sindano, hata mtu wa pafu moja anafika. Mama alitupokea kwa upendo, sikiliza vizuri. Sitaki mtu aseme mama alikuwa mbaya. Lakini mlango wa upendo ndio tulioingilia kwenye shida.

Kwetu sisi watu wa kaskazini, bukwe si mchezo. Bukwe ni ile heshima ya mkwe na mama mkwe, na heshima yenyewe inakaribia woga. Hawatazamani machoni. Hawaitani majina. Mkwe hali chakula kilichopikwa kwenye moto wa mama mkwe. Tumbo lake halitoi sauti, ya juu wala ya chini, mahali mama mkwe anaweza kusikia. Inakuwa hivyo mpaka siku ya kuku. Siku hiyo mjomba wa mwanamke anakuja, kuku wa bukwe anapikwa, mjomba anakata kipande cha kwanza na kumpa mkwe mbele ya mama mkwe. Akishameza kile kipande, njia iko wazi. Tangu hapo anakula kwa mama mkwe kama mtoto wa nyumba.

Kuku wetu alikuwapo. Kuku mwekundu, mnene, alikuwa akitembea uani kama bibi wa chama tawala siku ya gwaride. Mjomba ndiye hakuwapo. Alikuwa Kabongo, na kutoka Kabongo mpaka mjini unangojea treni, na treni ya wakati ule ilikuwa inakuja ikipenda. Mama alituma neno kwa watu wa reli waliomfahamu baba. Jibu likarudi: mjomba anakuja. Tukangoja. Neno lingine: mjomba yuko njiani. Tukangoja tena.

Na dawa haikungoja.

Sasa uone mambo yalivyokaa. Asubuhi, moto uliokuwa unawaka katika lupango ulikuwa mmoja, mbabula ya mama, lile jiko lake dogo, mahali alipokuwa anakaanga mikate ya mafuta kwa kuuzia wapita njia. Chakula cha Banze sikuweza kukipika pale. Nilikuwa ninapika kwa jirani, Mama Zaina. Watu wake ni Waislamu wa Maniema, mume wake fundi wa kushona, mwanamke mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa kutoa. Lakini asubuhi mbabula ya Mama Zaina ilikuwa na makala, yaani makaa, ya pasi ya fundi na chai ya watoto wake. Zamu yangu ilikuwa inafika jua likiwa limepanda. Na Banze, kwa kuwa muuguzi alisema asubuhi, alimeza asubuhi. Alimeza juu ya tumbo tupu, vidonge vyeupe vikubwa, na maji ya baridi kikombe kizima kwa pupa ili vishuke haraka. Kisha analala chali, kwa kuwa kichwa kinazunguka.

Kichefuchefu, mwanangu, si maumivu ambayo mtu anaonyesha kidole akasema ni hapa. Ni kama mtu anakuvuta utumbo kwa uzi. Mate yanajaa mdomoni. Harufu ya mafuta ya mikate, ambayo jana ilikuwa inakuita, leo inakufukuza. Nilimwona Banze akiweka kikwembe changu puani asisikie harufu ya jiko la mama. Akitaka kutapika, hakuweza kutapika uani, mama yuko pale. Alikuwa anakaza meno, anatoka mbio kwa mlango wa nyuma mpaka kwenye mfereji wa barabara, na mbio zenyewe zinamletea kikohozi. Anarudi ameshika ukuta.

Mama alikuwa anasikia hatua. Si kipofu wala kiziwi. Lakini hakuweza kumsemesha, basi alikuwa anasema na binti yetu Kalenga, ambaye hata meno hakuwa nayo.

"Kalenga, ambia baba yako asikimbie. Mvua ilinyesha, udongo inateleza."

Kalenga ananyonya ngumi yake. Na Banze, akiwa ameegemea mlango, anajibu:

"Kalenga, ambia nkambo yako nimesikia. Ambia yeye miguu ndiyo haisikie."

Mama, ambaye ndiye nkambo, yaani bibi, alikuwa anageuka upande wa ukuta ili acheke. Hivyo ndivyo walivyopendana wale watu wawili, kupitia mtoto asiyejua kusema. Na kuku mwekundu akipita mbele ya kichumba, Banze anamwambia: "Weye na miye, tuone nani atatangulia."

Nilikuwa simpendi anaposema hivyo.

Mama Zaina ndiye aliyeanza kusema waziwazi. Siku moja nilikuwa nakoroga uji kwake, jua liko utosini, akaniangalia kutoka chini mpaka juu.

"Weye Numbi, bwana yako anakonda sawa fimbo ya kutolea nyumba za buibui. Hii uji unamupelekea saa hii, kidonge alimeza wakati gani?"

"Asubuhi, mama."

"Na tumbo ilikuwa na nini?"

"Maji."

Akaacha chai yake. Akanifuata mpaka kwetu, akasimama mbele ya mama yangu aliyekuwa akipanga mikate yake kwenye sinia.

"Mama Numbi, samahani, miye si muntu wa kabila yenu. Lakini moto iko hapa, sufuria iko hapa, mugonjwa iko pale. Munangojea nini?"

"Tunangojea mujomba," mama akasema. "Kuku iko. Mujomba haiko."

"Mujomba atakuya na treni. Kifo haingojeake treni."

"Bukwe ni bukwe, Mama Zaina. Nikimulisha mbele ya kuku, nitamuletea laana mutoto wa watu."

"Basi nakuuliza neno moja. Hii bukwe yenu inaogopa muntu kula. Kumuzika, haiogopi?"

Mama akainamia sinia. Akaendelea kupanga mikate. Lakini nilimwona anapanga mkate uleule mara nyingi, anautoa, anaurudisha. Mama Zaina akaacha kipande cha tangawizi kwenye sinia, akaenda zake.

Msidharau mila, wanangu. Mimi mwenyewe siwezi kupita mbele ya wakwe zangu na kichwa wazi. Heshima ni nguo, inamfunika mtu. Lakini hata nguo, mtu akianguka mtoni, unamvua kwanza, kisha unamvuta.

Zikapita siku za kimya. Kisha Banze akaacha kukimbia. Asubuhi anameza, anafuta mdomo, anaketi mlangoni anapiga mluzi. Nikamshukuru Mungu. Nikamwambia mama tumbo limezoea. Mama naye akapumua. Hata nyama kidogo ikarudi mashavuni, kwa kuwa alikuwa anakula chakula cha mchana bila kukirudisha. Tukadhani tumevuka.

Kila Jumamosi palikuwa na salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mitaa, na watu wa chama walikuwa wanapita kutazama nani hajashika jembe. Jumamosi moja mama alichukua upande wa mfereji ulio nyuma ya kichumba. Mimi nilikuwa mbele na fagio. Nikamwona amesimama na jembe, ameinama, hatikisiki. Akaokota kitu, kisha kingine, akavifunga kwenye ncha ya kikwembe chake. Mtu wa chama akapita, akasema: "Mama, kazi!" Mama akalima. Alilima mpaka mwisho. Kisha akaja uani, akanyoosha mkono kwangu.

"Nipe mutoto."

Nikampa Kalenga. Akaenda naye mpaka mlango wa kichumba. Hakuingia. Akaketi kwenye kigoda, mtoto mapajani, akafungua ncha ya kikwembe. Vilikuwa vidonge, vimevimba kwa maji, vyeupe, vina matope, kama punje za mahindi zilizooza.

"Kalenga," akasema, "uliza baba yako. Hizi mbegu alipanda mu mufereji, anangojea zizae nini?"

Ndani ya kichumba mluzi ulikatika. Mimi nilisimama pale na fagio mkononi. Kisha sauti ya Banze ikatoka, bila mzaha hata kidogo.

"Kalenga, ambia nkambo yako... nikimeza, natapika. Nilichoka kukimbia. Na siwezi kutapika mu lupango ya mukwe wangu. Afazali nikufe na heshima."

Mama akaniangalia. Akaangalia yule kuku aliyekuwa anachakura karibu na mguu wake. Akanirudishia mtoto.

"Chukua huyu mutoto," akasema. "Leo hana masikio."

Akaenda kwenye mbabula yake, akapakua mikate iliyokuwa kwenye mafuta, akaweka sufuria yake mwenyewe, na maji, na unga wa mahindi. Alikoroga uji mwepesi kwa mkono wake, akakata tangawizi ya Mama Zaina, akaongeza chumvi. Alikuwa anatazama mlango wa kichumba, ndiyo sababu chumvi ilizidi. Akabeba kikombe mpaka mlangoni, akakiweka ndani, akageuka, akaketi kizingitini akiwapa watu wa ndani mgongo. Kisha akasema jina ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Banze. Kula. Nimegeuka. Mugongo haina macho."

Akavuta kikwembe chake magotini.

"Na kama utatapika, tapika. Niliosha matapishi ya baba ya huyu Numbi mpaka siku alikufa. Unafikiri yako iko na dhahabu?"

Nikasikia kijiko kinagonga kikombe. Mama alikuwa akitazama uani, machozi yanashuka, hayafuti. Banze alikula kile kikombe polepole. Kisha mama, bado amegeuka, akaniambia nimpeleke kituoni akaseme yote, asifiche kitu.

Muuguzi alikasirika kwanza, kisha hasira ikaisha akabaki na huzuni. Akasema: kama asubuhi hakuna chakula, kwa nini hamkuja kuuliza? Dawa hizi unaweza kuzimeza jioni baada ya bukari, ule ugali wetu, mradi saa iwe ileile kila siku. Mwanangu, jioni! Jioni Banze alikuwa anakula kila siku, anashiba. Ilikuwa ni kuuliza tu. Sentensi moja ya kuuliza, na njia kutoka kwetu mpaka kituo mbuzi angeweza kuimaliza akitafuna.

Tangu siku ile alimeza vizuri. Jioni anakula, anangoja kidogo tumbo litulie, anameza kidonge na maji ya uvuguvugu kwa mafundo madogo. Halali. Anakaa wima ameegemea ukuta, au anatembea taratibu mpaka kwa fundi na kurudi. Kichefuchefu kikija, anatafuna kipande cha mkate mkavu, anaramba tangawizi, anavuta hewa ya nje mbali na moshi wa mafuta. Mama alihamisha mbabula yake upande wa barabara ili harufu isiingie kichumbani, wateja wakalalamika, akawaambia waende kulalamikia mapua yao. Mara chache Banze alitapika, na alitapikia uani kwenye beseni, mchana kweupe, na mama akapita na ndoo ya maji kana kwamba anamwagilia maua.

Ningependa kumalizia hapa. Hadithi ingekuwa nzuri. Lakini sikuketi kuwaandikia uongo.

Ule mluzi wa mlangoni ulikuwa umedumu muda mrefu kuliko tulivyojua. Wakati vidonge vinaoza mferejini, ugonjwa kifuani ulikuwa unajifunza. Ulionja dawa kidogo, ukaachwa, ukaonja tena, ukaachwa, kama mwizi anayezoea mbwa wa nyumba. Tuliporudi kupiga picha ya kifua, daktari alishika ile picha kwenye dirisha, akamwita mwenzake. Muuguzi wetu alinishika bega. Alisema dawa hii imezoewa, na nyingine wakati ule hazikupatikana kirahisi. Banze akamwuliza: "Ile nusu ya pafu nayo imeenda salongo?" Muuguzi akatoka nje.

Alikufa mvua za mwisho zikinyesha. Siku chache kabla, mama alikuwa ameketi kizingitini, mgongo ndani kama desturi yake mpya, na Banze akasema kwa sauti nyembamba:

"Kalenga, ambia nkambo yako... ile uji ya kwanza... chumvi ilipita."

Mama akacheka. Akacheka mpaka kicheko kikageuka, akajifunika uso na kikwembe. "Mbona hakusema siku ile!" akasema. "Watu wa heshima hawa!"

Mjomba alifika na treni siku ya kilio. Mtu mzima, vumbi la njia mpaka kwenye nyusi, na kofia mkononi. Aliwakuta wanawake wameketi chini na kuku mwekundu amefungwa miguu, kwa kuwa wageni wa kilio lazima wale. Kuku wa bukwe alipikwa siku ile. Hapakuwa na wa kukatiwa kipande cha kwanza. Mjomba alisukuma sahani, akasema: "Dada yangu, treni... treni ilitukamata njiani."

"Treni haina kosa," mama akamjibu. "Siye hapa tulikuwa na moto, na sufuria, na mikono."

Mama hakula nyama ya kuku tena maisha yake yote. Mlikuwa mnamwuliza kwa nini, mlipokuwa wadogo. Sasa mmejua.

Mwanangu uliyefukia kidonge nyuma ya choo, sasa nasema na wewe. Mwenye kuficha ugonjwa, kilio kitamtangaza. Mimi si mganga, sitakuandikia dawa. Ninakupa mambo ya jikoni na ya mdomo. Ukipewa dawa, usiondoke bila kuuliza: hii inataka chakula au inataka tumbo tupu? Kwa kuwa ziko za aina zote mbili, na ziko zinazokataa hata maziwa. Kama inataka chakula, kula kwanza, hata uji wa vijiko vichache, hata kipande cha mkate. Acha pilipili na mafuta mengi mpaka tumbo litulie. Kunywa maji kidogo kidogo. Usimwage kikombe kizima kama unazima moto. Usilale ukishameza. Tangawizi inasaidia watu wengi, ila uliza kama haigombani na dawa yako. Usinywe maji ya makala kama wanavyoshauri watu wa kijiweni, makala yanakamata dawa tumboni na wewe unabaki na ugonjwa wako. Na lutuku, ile pombe kali ya kuchemsha ambayo wanaume wanasema inatuliza tumbo! Inatuliza kweli, nimewaona waliotulia, wako makaburini. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, usimeze tena kwa kukisia, nenda uulize. Na ukiona macho yanageuka manjano, au mkojo kama chai nyeusi, au damu katika matapishi, au huwezi kushikilia hata maji, usingoje asubuhi wala mjomba. Ukimbie hospitali.

Lakini la kwanza kuliko yote ni mdomo. Dawa ikikushinda, sema. Daktari anaweza kubadili saa, anaweza kubadili dawa, anaweza kukupa ya kutuliza tumbo. Hawezi kuitibu aibu yako kama hujamwonyesha. Usikubali tumbo lako liamue peke yake, maana tumbo linajua njaa na shibe, halijui kesho.

Mungu awape afya ya kushika chakula na kushika neno. Awape wakwe wenye mgongo mzuri kama wa mama yangu, na ulimi wa kuuliza mapema, nisije nikapikiwa kuku katika kilio cha mmoja wenu. Kalenga alipoolewa, mume wake alikuja kunisalimu siku ya kwanza, akasimama mbali, macho chini, kama inavyotakiwa. Nilimwangalia yule kijana, mabega yake, na nikaita nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo, jirani wakisikia juu ya ukuta. Nikatoa amri ambayo haijafutwa mpaka leo, na wewe uliyefukia kidonge inakuhusu kesho asubuhi:

"Mu hii nyumba, sufuria ya uji inakaa ku moto mbele ya jua kupanda. Mwenye dawa anakula wa kwanza, akiwa mutoto, akiwa mukwe, akiwa mugeni. Anameza mbele yetu. Akitapika, anatapika hapa uani, na mwenye kuwa karibu analeta maji. Kuku atakuya nyuma."